Mzee wako akitaka kupelekwa kanisani kwa waongea na roho

Mwenzangu unayefanya kazi ya kutunza wazee huku Uingereza, ipo siku utafungua daftari la zamu ukute pameandikwa: Jumapili, saa kumi na mbili na nusu jioni, apelekwe kanisani. Utamvalisha bibi wa watu koti lake zuri, utamfunga mkanda garini, na mkifika utakuta jengo dogo la matofali, mlangoni pana kibao kinachosema hili ni kanisa la Waspiritualisti, yaani watu wanaoamini kwamba waliokufa wanaongea na walio hai. Usigeuze gari. Ndani hakuna damu wala giza. Kuna viti vya plastiki, maua, na birika la chai linalochemka chumba cha nyuma.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia Ngamiani, na kazi hii naifanya kwenye mji mmoja wa Yorkshire uliokuwa wa viwanda vya sufu. Bibi ninayemhudumia alijiunga na watu hawa alipofiwa na mumewe. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu anayekaa safu ya nyuma na mkoba wa mwenzake mapajani. Siamini kwamba marehemu anarudi Jumapili jioni kuuliza habari za bustani. Lakini Bibi anaamini, na usukani nashika mimi, na nimeona kwamba msindikizaji anayeelewa kinachoendelea pale humfaa mzee wake kuliko anayekaa akichezea simu.

Weka kando ya kwetu kwanza

Ukisikia mtu anasimama mbele za watu na kusema roho ziko naye, akili ya mtu wa pwani inakimbilia kwenye pepo: ubani, ngoma, mtu kapandisha, sauti imebadilika, fundi anamuuliza mgeni jina lake, kabila lake na shida yake. Hapa hayapo. Kwetu pepo humpanda kiti, yaani mtu wake anayemtumia kusema, na aghalabu kiti akishatulia hajui alichosema. Huku anayeitwa midiamu, yaani anayesema na wafu kwa niaba ya wengine, yuko macho kabisa, kavaa sweta, anakunywa maji, na anasimulia anachoona na kusikia kama mtu anayemsomea jirani barua.

Tofauti nyingine ni ya madai. Pepo wa kwetu ana kabila lake na ana anachotaka: kitambaa chekundu, pete, mbuzi, ngoma ya siku kadhaa. Wanaozungumziwa huku ni wafu wa familia tu, yaani baba, mama, mume, shangazi, hata mbwa. Na hawadai kitu. Sijawahi kumsikia hata mmoja akiuliza kama deni lake limelipwa au nyumba imegawanywaje. Wanaleta salamu, wanasema wako salama na maumivu yamekwisha, wanamshukuru aliyewauguza, wanaondoka. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo mzimu ukisahauliwa unaleta homa, wafu wa Kiingereza wana adabu ya ajabu.

Walikotoka

Imani hii ina tarehe ya kuzaliwa: 31 Machi 1848, kijiji cha Hydesville, jimbo la New York nchini Marekani. Wasichana wawili wa familia ya Fox, Margaret na Kate, walisema kwamba kinachogonga nyumbani mwao usiku kinajibu maswali. Ukidatisha vidole mara nne, nacho kinagonga mara nne. Majirani wakaitwa, maswali yakaulizwa, ikatoka habari ya mchuuzi aliyeuawa na kuzikwa chini ya nyumba. Mwaka uliofuata walikuwa wamekwisha panda jukwaani mjini Rochester mbele ya watu waliolipa kiingilio.

Miaka 40 baadaye, Oktoba 1888, Margaret alisimama kwenye ukumbi mmoja wa New York akasema milio ile aliitoa kwa kualisha kiungo cha kidole gumba cha mguu, akavua kiatu akawaonyesha. Kisha mwaka 1889 akayakana maungamo yake. Usidhani utawashtua Waspiritualisti kwa habari hii. Wanaijua kuliko wewe, na watakujibu kwamba alikuwa mlevi, fukara, na alilipwa aseme.

Uingereza kanisa lao la kwanza lilianza Keighley mwaka 1853, mji wa viwanda huku huku Yorkshire. Wengi wa watu wake wa mwanzo walikuwa wafanyakazi, watu waliochoka kuhubiriwa moto wa milele. Lakini kilichoikuza imani hii kweli kweli ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanafizikia Sir Oliver Lodge alimpoteza mwanawe Raymond mwaka 1915, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kizima cha mazungumzo aliyoamini ni yake. Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, alifiwa na mwanawe Kingsley mwaka 1918, akatumia miaka yake iliyobaki kuzunguka dunia akiihubiri imani hii. Serikali haikuirudisha miili ya askari nyumbani. Walizikwa kule kule walikoanguka. Mama mzazi hana kaburi la kwenda Jumapili, hana maiti aliyemwosha, ana taarifa ya maandishi tu kutoka jeshini.

Hata leo naliona jambo hilo hilo. Kwetu ukifiwa nyumba haipoi: kuna tanga, kuna hitima, kuna arobaini, watu wanakujia na mchele na wewe huna hata nafasi ya kulia peke yako. Huku mtu anakufa, mazishi yanafanyika baada ya wiki mbili tatu, yanachukua chini ya saa moja, watu wanakula sandwichi, na jioni mjane anarudi kwenye nyumba yenye saa ya ukutani. Baada ya mwezi mmoja marafiki wanaogopa hata kulitaja jina la marehemu wasije wakamwumiza. Kanisani kwa hawa watu jina lake linatajwa kwa sauti kubwa na ukumbi mzima unageuka kusikiliza. Ukilielewa hilo, umeelewa kwa nini mzee wako anakumbuka Jumapili hata wiki ambayo amesahau dawa.

Kilichoandikwa ukutani

Makanisa mengi yako chini ya umoja wao wa kitaifa uliosajiliwa mwaka 1901, na ukutani utaona orodha ya kanuni saba. Ubaba wa Mungu. Udugu wa binadamu. Mawasiliano na roho na huduma ya malaika. Roho ya mtu haina mwisho. Kila mtu anawajibika kwa matendo yake. Mema na mabaya yote yaliyofanywa duniani yatalipwa huko mbele. Na mlango wa kuendelea uko wazi milele kwa kila roho.

Kanuni hizi zilitoka kwa Emma Hardinge Britten, mhubiri wao mashuhuri, mwaka 1871, ambaye alisema amepewa na roho ya Robert Owen aliyekufa mwaka 1858. Ni Owen yule yule anayetajwa kwenye historia ya vyama vya ushirika. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu. Mtu aliyezoea mikutano ya chama cha msingi anaweza kuisikia sauti ya mwenyekiti ndani yake.

Jehanamu haimo. Yesu si sharti, ingawa wapo Waspiritualisti wa Kikristo walio na makanisa yao. Mtu akifa hageuki malaika wala shetani; anabaki yule yule, mcheshi akabaki mcheshi, mnuna akabaki mnuna, ila ana nafasi ya kujirekebisha. Kurudi duniani katika mwili mwingine si sehemu ya kanuni hizi. Fundisho hilo liko kwa ndugu zao wanaomfuata Mfaransa Allan Kardec, aliyetoa kitabu chake kikuu mwaka 1857, na ambao wamejaa zaidi Brazil. Mkipata mfanyakazi mwenzenu Mbrazili akakuambia yeye ni mspiriti, mnaongea habari za binamu.

Unapoongea nao, usiseme amekufa. Wao husema amevuka au amepita. Ukisema "aliyetangulia," kama tunavyosema sisi, hakuna atakayechukia.

Aina za midiamu

Utakayemwona kwa kawaida ni wa akili. Anasema anaona picha, anasikia maneno, au anahisi kitu mwilini, kwa mfano maumivu ya kifua ambayo si yake. Wapo wanaoona tu, wapo wanaosikia tu, wengi wanachanganya. Wanasisitiza sana tofauti kati ya midiamu na mtabiri: mtabiri anakusoma wewe uliye hai na kukuambia ya kesho, midiamu lazima alete mtu aliyekufa na athibitishe ni nani. Kanisani kutabiri si heshima.

Wa pili ni wa kuzama: anafumba macho, anaachia mwili, roho inasema kwa kinywa chake. Huyu ndiye aliye karibu na kiti wa kwetu, na hutamwona sana kwenye ibada ya kawaida.

Wa tatu ni wa mambo ya kushikika, na hapo ndipo penye vituko vya zamani: meza kuinuka, tarumbeta kuelea gizani, na kitu cheupe kiitwacho ektoplazimu kutoka kinywani mwa midiamu. Maarufu kuliko wote ni Helen Duncan, Mskoti. Mwaka 1931 mchunguzi Harry Price alimchunguza akasema ektoplazimu yake ni kitambaa chepesi cha aina ya melimeli, kinamezwa na kutapikwa. Hata hivyo watu waliendelea kumjia. Mwaka 1944, vita ikiwa imepamba moto, alikamatwa Portsmouth na kuhukumiwa London kifungo cha miezi 9 kwa Sheria ya Uchawi ya mwaka 1735. Waumini wanasema alifungwa kwa sababu alikuwa ametoa habari za manowari Barham, iliyozamishwa Novemba 1941, kabla serikali haijatangaza. Wengine wanasema familia za mamia ya mabaharia zilikwisha ambiwa, na Portsmouth ni mji wa wanamaji, siri isingekaa. Usiingie kwenye ubishi huo wakati wa chai. Hautaisha, na mzee wako atachelewa dawa ya usiku.

Ile bodi ya herufi iitwayo Ouija, unayoiona kwenye filamu za kutisha, ilipewa hataza Marekani mwaka 1891 na mpaka leo inauzwa kama mchezo wa nyumbani. Mimi kanisani sijaiona.

Ibada yenyewe

Fikeni mapema upate kiti cha pembeni, penye nafasi ya kiti cha magurudumu na karibu na choo. Kuna sala ya kufungua, nyimbo ambazo tuni zake ni za kanisa la kawaida ila maneno yamebadilishwa, kusoma kidogo, kisha hotuba ambayo mara nyingi ni ndefu kuliko inavyostahili. Wanasoma majina ya wagonjwa. Sahani ya sadaka inapita. Halafu, kwa nusu saa hivi, kinakuja kile ambacho watu wamekuja nacho moyoni: midiamu anapokea ujumbe.

Makanisa mengine huwa na viti pembeni kwa ajili ya uponyaji, ambapo mtu hukuwekea mikono mabegani. Mzee akitaka, mwache, mradi aulizwe kwanza kabla ya kuguswa na wewe uwepo karibu. Hakuna anayeruhusiwa kumwambia aache vidonge vyake. Akiambiwa hivyo, simu kwa msimamizi wako jioni ile ile.

Namna ya kujibu, na kwa nini ndiyo kazi yote

Midiamu atatazama safu na kusema, "Naweza kuja kwako, mama mwenye skafu ya bluu?" Mzee wako ajibu kwa sauti, asitikise kichwa tu, wanasema sauti yake inasaidia mawasiliano. Baada ya hapo majibu ni matatu: ndiyo, hapana, sijui. Basi. Asiongeze neno. Hii si hila yangu ya kuwakomoa. Wenyewe wanafundisha hivyo, na midiamu wao makini humkatiza mtu anayeanza kusimulia: asimlishe maneno, kazi ya kutoa habari ni ya midiamu.

Tatizo ni kwamba mtu mwenye majonzi hawezi kujizuia. Sikiliza hii, niliiandika pale pale kwenye daftari langu dogo (jina nimelibadilisha):

"Nina bwana hapa. Kifua kilimsumbua kabla hajavuka."

"Ndiyo," akasema Bibi.

"Napata herufi J, au G, sauti kama hiyo."

"George! Mume wangu!"

"George, ndiyo, asante. Ananionyesha saa ya mkononi."

"Iko kwenye droo ya kitanda."

"Anajua unapenda kuwa nayo karibu ukilala."

Bibi alilia, mimi nikampa kitambaa. Njiani akaniambia, macho yanang'aa: "Umesikia? Alimtaja George kwa jina, na akajua saa iko kwenye droo ya kitanda." Daftari lilikuwa mfukoni mwangu. Midiamu hakuwa wa kwanza kusema George, wala hakusema droo. Vyote viwili alivitoa Bibi mwenyewe, na kabla hatujafika kwenye taa za barabarani vilikuwa vimehamia kwenye kinywa cha midiamu.

Kipande kilichobaki ni cha midiamu kweli, kipime basi. Kifua: huu ni mji wa viwanda vya sufu, wanaume wa umri ule walivuta vumbi mchana na sigara usiku. J au G: kwa wanaume wa Kiingereza waliozaliwa miaka ya 1930 hapo umewakusanya John, James, Jack, George na Gerald. Ni sawa na kusimama ukumbini Tanga ukasema unapata M au H, uone mikono itakayonyanyuka. Saa ya mkononi: mjane gani ametupa saa ya mumewe?

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia zao, akamwambia kila mmoja ni ya kwake peke yake. Maelezo yalikuwa yale yale kwa wote, ameyaokota kwenye kitabu cha nyota cha barabarani. Walipoulizwa yamewalenga kiasi gani, wastani ulizidi 4 kati ya 5. Mtu akipewa sentensi pana, huijaza mwenyewe kwa maisha yake, na hajui kama ameijaza.

Sasa usifike ukadhani kila anayesimama pale ni tapeli. Ninaowajua ni wasusi waliostaafu, wauguzi, dereva mmoja wa basi. Wengi wanapewa nauli tu. Wanaziona picha hizo vichwani mwao na wanaamini zimetoka nje. Mwaka 1853 Michael Faraday, yule wa umeme, alitengeneza kifaa cha kuweka juu ya meza zilizokuwa zikizunguka kwenye vikao vya roho. Kikaonyesha kwamba mikono ya waliokaa ndiyo inayoisukuma meza, na wenye mikono hawakujua wanasukuma. Watu waaminifu kabisa, meza inazunguka. Ndivyo ninavyoiona hata hii ya Jumapili: midiamu anasukuma kidogo bila kujua, mzee anasukuma sana bila kujua.

Kwa hiyo kama mzee wako anataka kweli kujua ni mumewe au siye, msaidie kujibu ndiyo, hapana, sijui. Mnong'oneze kabla hamjaingia. Na midiamu akikwama, akasema "hili hulijui leo, nenda kaulize kwenu," jua hapo amejitoa kwenye mtego: likipatikana ni lake, lisipopatikana mmelisahau. Wewe liandike tu.

Kama mzee hataki kujua bali anataka kusikia jina la George likitajwa, mwache ajibu anavyopenda. Daftari lako usilitoe njiani. Mimi sikulitoa.

Pesa

Kanisani ni sadaka, au kiingilio kidogo cha jioni maalumu. Kikao cha faragha na midiamu, huku kwetu nimeona ni kati ya pauni 30 na 60 kwa nusu saa hadi saa moja. Si haramu kisheria. Sheria ile ya 1735 ilifutwa mwaka 1951, ikaja nyingine ya kuwabana midiamu wadanganyifu, na yenyewe ikafutwa mwaka 2008; sasa wanabanwa na sheria za kumlinda mnunuzi. Ndiyo maana kwenye matangazo mengi utakuta maneno madogo chini yakisema ni kwa burudani tu. Msomee mzee maneno hayo kwa sauti, kwa upole, mara moja.

Kitakachokufanya usimame wima ni hivi: midiamu anasema kuna laana au nuksi inayohitaji kuondolewa kwa malipo, anataka mzee arudi kila wiki, anapiga simu mwenyewe, anaulizia wosia, nyumba au watoto wanaoishi mbali, au ni laini ya simu inayolipiwa kwa dakika. Huyo hata Waspiritualisti wa kanisani watakuambia si wao. Usigombane naye. Andika tarehe, kiasi na alichosema kwenye kumbukumbu za huduma, mpigie msimamizi siku ile ile, na kadi ya benki ya mzee usiishike wewe hata akikuomba umlipie. Kwenye shughuli za namna hii wa kwanza kushukiwa ni mhudumu mgeni.

Pia angalia kurasa za mitandao za mzee na wajukuu zake. Kikao kikiwekwa kwa jina kamili wiki moja kabla, na mjukuu ameweka picha za mazishi hadharani, midiamu asiye na haya hahitaji roho yoyote. Mzee akitaka kikao cha faragha, weka nafasi kwa jina lake la kwanza tu.

Dini yako

Mwislamu unajua hadithi ya anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, kwamba swala zake za siku 40 hazikubaliwi. Mkristo unayo Kumbukumbu la Torati mlango wa 18, na ile habari ya mfalme Sauli kwa mwanamke wa Endori. Mimi naenda kama dereva na mshika mkoba: siimbi, sipokei, siulizi. Midiamu akinijia nasema, "Asante, niko kazini," naye anahamia kwa mwingine, hakuna anayenuna. Kama dhamiri yako haikuruhusu hata kukaa ndani, ni haki yako, lakini mwambie msimamizi kabla ratiba haijapangwa ili apatikane mwingine. Usimwachie mzee habari hiyo Jumapili saa kumi na mbili akiwa amekwisha paka rangi ya mdomo.

Na usimhubirie. Analipia huduma, halipii mawaidha. Akikuuliza unaamini nini, mjibu kwa kifupi. Mimi nilimwambia Bibi kwamba kwetu tunaamini waliotangulia wako barzakhi, nasi tunawaombea dua. Akauliza kama wanasikia. Tukaongea mpaka chai ikapoa, na yalikuwa mazungumzo mazuri kuliko ibada nzima.

Watakapokuambia una kipaji

Hili litakukuta, hasa ukiwa Mwafrika. Wakati wa chai mama mmoja atakushika mkono, atakutazama machoni, atasema ameona mwanga nyuma yako na kwamba bibi yako mzaa mama amesimama hapo. Kisha atakukaribisha kwenye duara lao la katikati ya wiki, ambako watu hukaa kimya, wakavuta pumzi taratibu, wakajifunza kupokea. Hana ubaya. Duara lina viti vitupu na anatafuta watu, tena kuna wanaodhani sisi tumezaliwa nalo.

Sema asante. Mimi huongeza kwamba kwetu mwenye kipaji hicho huchinjiwa mbuzi, pepo huchezewa ngoma mpaka alfajiri, na gharama zote hubebwa na walioalika. Mpaka sasa mazungumzo huishia hapo, wananiuliza kama nataka kipande kingine cha keki.